Uzito wa Bimu Yenyewe

Koboko, Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kwa binti yangu Hawah,

Assalaam aleikum. Sisi hapa iko wazima, mama yako mdogo Kulusum anakusalimia, na hii goti yangu bado inanisumbua wakati wa mvua. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani. Sasa tuzungumze kazi.

Usinipigie simu juu ya mambo hii. Kwenye simu mutu anasema "sawa, sawa," na kesho anakataa. Marehemu baba yangu, babu yako Taban, alikuwa anajengea jeshi stoo, na kila amri ilikuwa kwenye karatasi. Barua nampa Nasiri na pikapu yake. Akishusha vitunguu sokoni Arua anakuletea ofisini. Wewe pia unijibu hivyo hivyo.

Ukumbi wa ngoma wa wamama iko karibu kwisha. Ile bimu kubwa uliyochora, inayopita juu kutoka ukuta mpaka ukuta, mita tisa bila nguzo hata moja katikati, tulimwaga zege yake tarehe ishirini na sita Julai. Watu thelathini, kwa mikono, kutoka alfajiri mpaka adhuhuri. Mbao za paa na mabati nimepandisha tayari, maana mvua ya Agosti haina huruma. Sasa miti ndiyo inaishikilia kutoka chini. Jumamosi tarehe ishirini na tatu, siku ishirini na nane zikitimia, natoa miti.

Na desturi yetu unajua. Fundi aliyemwaga bimu anakaa chini yake kwa kigoda, chai mkononi, wakati wenzake wanagonga miti mmoja mmoja mpaka ule wa mwisho. Baba alikaa mara kumi na moja. Mimi nimekaa mara sita. Hii ni ya saba, na ndiyo kubwa kuliko zote.

Kuna watu pale msikitini wananiuliza, "Muzamili, bimu iliyochorwa na msichana, utakaa chini yake?" Nimewajibu nitakaa, na nitaagiza kikombe cha pili. Njoo uone sura zao.

Baba yako mdogo,
Muzamili Taban


Arua, Jumamosi, 9 Agosti 2025

Baba mdogo mpendwa,

Waaleikum salaam. Nimesoma barua yako mara mbili na nimefurahi kwamba kazi imefika huko.

Nina ombi dogo. Mvua mwaka huu imekuwa nyingi mno, na nasikia zege ikilowa sana inachelewa kukomaa. Naomba uache miti mahali pake mpaka mwisho wa Septemba. Haimzuii mtu yeyote, wamama wanaweza kungoja kidogo.

Na kile kigoda, tafadhali, safari hii tukiache. Goti lako linauma, na mambo ya kukaa chini ya bimu ni ya zamani. Hakuna mtu anayehitaji kuonyeshwa kwamba wewe ni fundi.

Sidhani nitaweza kuja, kazi ofisini ni nyingi. Nisamehe, na umsalimie sana mama mdogo.

Mwanao,
Hawah


Koboko, Jumatatu, 11 Agosti 2025

Hawah,

Mvua inaharibu zege iliyokwisha shika? Nani alikufundisha hiyo? Zege inapenda maji! Mimi kila asubuhi nampandisha mutu na ndoo aimwagie, na mvua ikiipata kutoka pembeni nashukuru Mungu. Wewe uliyesoma miaka minne hujui jambo ambalo kila mwanamke anayekanda udongo hapa Koboko anajua? Unajua. Basi unanidanganya, na sijui kwa nini.

Lakini nadhani najua. Umekaa na wakubwa Arua, umeona wanaume wa tai, sasa baba mdogo wako na kigoda chake amekuwa kitu cha aibu. "Mambo ya zamani." Kazi ni nyingi, huwezi kuja. Kilomita hizi chache, barabara ya lami!

Nilikulea tangu kaka yangu alipofariki. Nilikubeba juu ya mabega kwenye kila jengo, ukijua kushika pimamaji kabla ya kujua kushika kijiko. Sikuona aibu na wewe hata siku moja.

Sasa sikiliza. Tarehe ishirini na tatu nimefuta. Natoa miti Jumamosi hii, tarehe kumi na sita. Siku ishirini na moja zinatosha, baba alitoa kwa siku ishirini na moja mara nyingi. Msikitini nimeshatangaza. Kigoda nimekipaka rangi.

Muzamili Taban


Arua, Jumanne, 12 Agosti 2025

Baba mdogo,

Usikae chini ya bimu hiyo. Kabla ya yote, nimeandika hilo, na Nasiri nimemwambia asipakie hata kitunguu kimoja kabla hujaisoma barua hii.

Nilikudanganya, ni kweli. Si kwa sababu ya kigoda chako. Nilikuwa naficha kosa langu.

Wiki mbili zilizopita nilipewa ghala la mahindi kule Logiri nilipigie hesabu. Nikaanza kama nilivyofundishwa: mstari wa kwanza, uzito wa bimu yenyewe. Kalamu ikakwama hapo hapo. Nikajiuliza, je, ule ukumbi wa Koboko niliandika mstari huu? Nikafungua faili. Nilikuwa nimeandika mabati, mbao za paa, dari, upepo, watu watakaopanda kutengeneza paa likivuja. Jumla tani tano na nusu. Chini yake nilichagua vyuma vya ndani ya zege, vya kubeba tani tano na nusu. Bimu yenyewe sikuiandika kabisa! Kana kwamba nilichora kitu cha karatasi.

Baba mdogo, bimu kabla ya kubeba kitu cha mtu inajibeba yenyewe. Mita tisa za zege zina tani tatu na zaidi. Wala hazishuki hata siku moja. Upepo unapita, watu wanateremka, yeye yuko pale pale juu ya mgongo wake mwenyewe mpaka mwisho wa dunia.

Nilimwambia bosi siku ile ile. Akasema tufunge mdomo. Kila hesabu ina akiba ya kufidia makosa, akasema, akiba itameza hilo, na nani Koboko atakaa apige hesabu? Nikanyamaza. Ndiyo maana nikakuandikia upuuzi wa mvua, nikidhani nitapata muda wa kutafuta njia bila mtu kujua. Naona aibu, lakini aibu haijamuua mtu. Bimu inaua.

Bosi alisema kweli jambo moja: akiba huenda ikameza kosa langu, ikiwa kila kitu kingine kiko kama nilivyochora. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu. Chukua tepu, upime upana wa bimu kwa chini. Mchoro unasema sentimita ishirini na tano. Niambie umepata ngapi.

Na ukikaidi ukakaa, nitakuja mimi mwenyewe nikutoe hapo kwa mguu mbele ya msikiti mzima. Unanijua.

Mwanao,
Hawah


Koboko, Jumatano, 13 Agosti 2025

Hawah mwanangu,

Mimi Kulusum ndiye naandika, maana mzee amekataa kushika kalamu.

Jana alisoma barua yako pale mlangoni, Nasiri amesimama anamwangalia. Akacheka. Akasema, "Kumbe! Mutoto amesahau bimu!" Halafu akafika ile mstari ya tepu, na kicheko ikakatika. Akaikunja barua, akatia mfukoni, akaenda ukumbini peke yake bila viatu vya mvua. Mimi nikamfuata mbali mbali. Nikamuona amepanda ngazi, anapima. Akapima tena. Akageuza tepu upande mwingine kama tepu ndiyo inasema uongo.

Aliporudi hakugusa ugali. Nikamwambia, "Baba Hasifa, sentimita ngapi?" Akanigeuzia mgongo. Nikachukua tepu mimi, nikaenda, nikapanda na hii unene yangu yote. Hamsini, Hawah. Mara mbili ya ile yako.

Amekubali jana jioni, na sauti ndogo. Ukuta alijenga nene, sentimita hamsini, kama za stoo za baba yake. Akaona bimu ya ishirini na tano juu ya ukuta kama ule inafanana na shingo ya kuku. Akaona pia, zege ikiwa nyingi, nguvu ni nyingi. Vyuma akaweka vile vile ulivyochora. Hakukuambia kwa sababu alitaka uje uone, ushangae.

Sasa anasema nini? Anasema Jumamosi atakaa! Ametangaza, hawezi kurudi nyuma mbele ya wale wanaume. Basi kigoda nimekificha chini ya kitanda yangu, na nimewaambia wale wanaotoa miti kwamba mutu akigusa mti hata mmoja hatakula tena kwa jiko yangu. Wanakula kwangu wote. Tutaona nani jeuri.

Jambo lingine. Mzee amejaribu kutuambia tuweke nguzo moja pale katikati, ishike bimu, mambo iishe. Wamama tumekataa. Hasifa binti yangu ndiye alisema kwanza, na tukamuunga mkono wote. Hii ukumbi ni ya ngoma yetu, ya duluka. Duluka inachezwa kwa duara, na mpiga ngoma yuko katikati. Tuzunguke nguzo kama mbuzi ya kufungwa? Miaka tisa tumesuka vikapu, tukauza, tujenge hii nyumba. Tulisema bila nguzo, na bila nguzo itakuwa. Wewe umesoma, tafuta njia.

Mama yako mdogo,
Kulusum


Arua, Alhamisi, 14 Agosti 2025

Kwa baba mdogo na mama mdogo, msome pamoja,

Hamsini! Nilikaa chini niliposoma.

Mama mdogo, asante kwa kile kigoda. Kikalie wewe.

Baba mdogo, nisikilize kama ulivyokuwa unanisikiliza nikikusomea pimamaji. Nguvu ya bimu ya namna hii iko kwenye vyuma vya chini. Zege uliyoongeza ubavuni haikuleta chuma hata kimoja, imeleta mzigo tu. Ni kama mtu uliyempa gunia abebe, ukaona amekonda, ukamvalisha makoti matatu ndiyo apate nguvu. Sasa bimu ina karibu tani saba. Mimi nilihesabu tani tano na nusu za kila kitu kilicho juu yake. Yaani yenyewe ni nzito kuliko mzigo wote niliochagulia vyuma!

Kosa langu peke yake, huenda akiba ingelimeza. Lako peke yake, huenda lingemezwa pia. Mimi nilificha langu na wewe ukaficha lako, yakakutana juu ya kichwa chako. Miti ikitoka, siwezi kukuambia kwamba itasimama. Na mtu asiyeweza kusema hivyo hana haki ya kumwachia mtu mwingine akae chini.

Nguzo mmekataa, na mna haki, mlisema tangu siku ya kwanza. Basi njia ni moja. Mabati yashuke, mbao za paa zishuke, bimu ivunjwe ikiwa juu ya miti yake, kipande kwa kipande. Kisha tuimwage upya.

Leo asubuhi nimeiandikia kamati ya wamama barua rasmi kwa jina langu: hesabu ilikuwa na kosa, kosa ni la Hawah Taban, miti isiguswe. Nakala nikaiweka mezani kwa bosi. Akaniuliza kama najua kwamba nimejifukuza kazi. Nikamwambia najua. Akaniambia hakuna atakayenipa mchoro mwingine mji huu mzima. Nikamwambia hayo tutayaona mbele. Nimetoka na rula yangu, kikokotoo na sufuria niliyokuwa napikia chai. Mpaka getini sikugeuka.

Wale wa msikitini watasema bimu ya msichana imeshindwa. Waambieni ndiyo, msichana alikosea, na msichana ndiye aliyesema. Wao watasema makosa yao lini?

Mwanenu,
Hawah


Koboko, Jumatatu, 25 Agosti 2025

Hawah,

Sikuandika siku kumi na moja kwa sababu mikono ilikuwa kwa nyundo.

Ile Jumamosi watu walikuja wengi kuliko nilivyoita. Walikaa kwa mawe, wakangoja kuniona na chai. Mimi nilikuwa bado nataka kukaa, nakuambia wazi. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala nikifikiri, mara sita nimekaa, leo nitasimama kwa ajili ya karatasi? Kigoda sikukiona, nikasema nitakaa chini kwa udongo.

Nikapita chini ya bimu. Nikainua macho. Na nikafikiri kitu kidogo tu: kama itaniangukia, barua yako iko mfukoni mwangu, na maisha yako yote utakuwa unaisoma. Basi nikatoka nje, nikawaambia: "Mchoro ulikuwa na kosa, na mutoto wangu amesema. Bimu ina kosa, na mimi ndiye niliyenenepesha bila kumuuliza mutu. Leo hakuna chai. Mwenye nyundo abaki, mwenye mdomo aende." Walienda wengi. Walibaki tisa. Mama yako mdogo akapika.

Tulipolegeza mti wa katikati kidogo tu, tupate nafasi, ufa ulifunguka chini ya bimu, unaingiza ukucha. Nikakaza ule mti haraka. Yule aliyecheka sana msikitini, alikuwa amebaki kuchungulia, akavua kanzu akachukua nyundo.

Kabla ya hii bimu sikuwahi kuvunja kitu yangu, Hawah. Iliniuma kama jino. Imekwisha.

Sasa piga hesabu tena. Lakini mstari wa kwanza uandike kwa herufi kubwa nione. Na safari hii usiniandikie "tafadhali". Niamuru.

Muzamili


Onduparaka, Arua, Jumamosi, 30 Agosti 2025

Baba mdogo,

Nimekodi kibaraza kidogo hapa Onduparaka, meza moja, viti viwili. Jumapili timu ya mpira ya hapa ikicheza siwezi kusikia hata kalamu yangu, lakini wateja wawili wameshakuja. Mmoja alisema amenitafuta kwa sababu amesikia habari ya Koboko. Kwamba kuna binti alijishtaki mwenyewe. Anataka mtu wa namna hiyo.

Mchoro mpya huu hapa. Mstari wa kwanza:

BIMU YENYEWE: TANI NNE NA ROBO TATU.

Halafu ndiyo mabati, mbao, dari, upepo na watu. Jumla inapita tani kumi, na vyuma nimechagulia jumla hiyo, na akiba juu yake. Upana sentimita thelathini, kimo sabini. Vyuma vya chini ni sita, vinene, nimeandika kipimo pembeni. Nimekipandisha kimo kwa sababu zege ya kimo inasaidia vyuma kuvuta. Ya ubavuni inakaa tu. Ikiwa shingo ya kuku inakukera, pamba ukuta upendavyo, bimu uiache.

Amri: usiongeze hata kidole kimoja. Ukitaka kuongeza, unaandika, unangoja jibu langu. Siku ya kufunga vyuma nitakuwepo, nitahesabu kimoja kimoja kwa mkono wangu. Siku ya zege nitakuwepo. Miti ni siku ishirini na nane, si ishirini na moja, hata babu Taban afufuke aseme vingine.

Saini yangu iko chini, na safari hii hakuna mhuri wa mtu mwingine juu yake.

Hawah Taban


Koboko, Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Binti yangu,

Siku ishirini na nane tangu tumwage zege mbele yako zinatimia Jumamosi hii, tarehe kumi na moja. Nimepima bimu asubuhi, jioni, na tena asubuhi: thelathini kwa sabini. Mama yako mdogo naye amepima, haniamini tena.

Kigoda amekitoa chini ya kitanda. Nimekiangalia siku tatu. Baba alikaa peke yake kwa sababu hesabu ilikuwa ya kichwa chake mwenyewe, na vyuma vyake, na mikono yake. Hii si hivyo. Hii hesabu iko yako na mikono iko yangu, na mwezi wa nane karibu tuuane kwa kuheshimiana na kufichana.

Basi kigoda nimempa Kulusum akalie jikoni. Nimepiga benchi ya mbao, ya watu wawili. Wapo wazee wamekuja kuniambia mwanamke hakai chini ya bimu, haijawahi kuonekana. Nimewaambia na bimu kuvunjwa na fundi wake mwenyewe ilikuwa haijawahi kuonekana, na waliiona. Wamama wameanza kukaza ngozi za ngoma. Watangoja nje mpaka mti wa mwisho.

Sikulazimishi. Ukisema kazi ni nyingi, safari hii nitaamini.

Baba yako mdogo,
Muzamili Taban


Onduparaka, Jumanne, 7 Oktoba 2025

Baba mdogo,

Nakuja Ijumaa na Nasiri. Kazi zote nimezifunga.

Kwenye benchi, wewe utakaa upande wa ukutani. Mimi nitakaa katikati kabisa, pale bimu inapolemewa zaidi. Usibishane, nimeshaandika.

Chai yangu iwe ya maziwa.

Hawah